Mtani Ndani ya Toleo la Tisa

Marehemu alikohoa kwenye kona ya mfereji, akasafisha koo, kisha akauliza kwa hasira ni nani aliyeacha magugu yakaota hadi mdomoni mwa lango.

Otmar Ngonyani alisimama. Jua lilikuwa utosini na mfereji mkuu ulikuwa umekauka hadi kupasuka. Hapakuwa na mtu. Kando ya lango palikuwa na nguzo fupi ya chuma, na juu yake kipaza sauti kilichojaa vumbi.

"Huyo ndiye mwenyewe," alisema Mwenyekiti Kalinga, kiongozi wa skimu ya umwagiliaji. "Tumemzika kabla ya Pasaka, na bado anakagua mfereji kila siku kama zamani. Subiri, utamsikia na kwenye lango la pili."

Walisubiri. Kikohozi kilihamia nguzo ya mbele, kikifuatwa na sauti ya buti la mpira linaloburuzwa. Buti moja tu. Mzee Vitus Mhapa, marehemu mlinzi wa banio la mto, alikuwa na mguu mbovu wa kushoto.

Katika majaruba, wanawake walikuwa wakimwagilia mpunga kwa ndoo walizozibeba kutoka kisimani. Sauti ilipita juu ya vichwa vyao na hakuna aliyeinua uso. Msichana mmoja tu ndiye aliyefunga kitenge chake vizuri zaidi, kama mtu aliyepitwa na mkubwa.

"Mpunga una mimba," alisema Kalinga. "Unaelewa maana yake, fundi? Usipopata maji sasa, masuke yatatoka matupu. Bonde zima tutakula makapi. Mamlaka ya Bonde wamekupa kadi?"

"Ninayo."

"Basi iingize, utuondolee huyu mzee. Simsemi vibaya, alikuwa mtu wangu. Lakini aliyekufa hafungi maji ya walio hai."

Otmar aliigusa kadi mfukoni. Ilikuwa nyembamba kuliko ukucha. Ndani yake kulikuwa na mfumo mpya, safi, uliotengenezwa na watu wasiowahi kuliona bonde hili. Ukiichomeka kadi kwenye kompyuta ya banio, ingefuta kila kilichokuwamo na kufungua malango yote kabla maji ya chai hayajachemka.

"Kwa nini hamkuyafungua kwa mkono?" aliuliza.

"Mipini iliondolewa zamani walipoleta mota. Iliuzwa chuma chakavu. Tukivunja lango, msimu ujao hatuna lango." Kalinga alijifuta jasho. "Tumejaribu kila kitu. Wanasema huo mfumo unataka mtu acheke. Tukaleta wachekeshaji kutoka mjini. Kijiji kizima kikacheka. Mimi mwenyewe nilicheka hadi nikaumwa mbavu. Hakuna kilichofunguka."

"Labda hauwataki ninyi."

"Ndiyo hivyo. Ni yule mama, mjane wake. Hajacheka. Na hatacheka."

*

Chumba cha mtambo kilijengwa juu ya banio, mahali mto ulipozuiwa. Ndani mlikuwa na baridi na harufu ya betri. Kompyuta ilikuwa kubwa kama kreti la soda, kuukuu, imefungwa kamba ya katani ubavuni ili isifunguke. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kichwani.

"Kamwene, mama," alisema Otmar.

"Kamwene." Bi Remigia hakugeuka. "Wewe ndiye wa Mamlaka?"

"Ndiye."

"Kwa sauti hiyo wewe si wa huku. Kwenu wapi?"

"Peramiho."

Ndipo alipogeuka. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Mngoni," alisema. "Wamenitumia Mngoni. Fungeni maghala, panya wameingia."

Otmar alijikuta anatabasamu. Hakuwa ametaniwa namna hiyo tangu babu yake alipofariki. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, wakachoka, wakageuza vita kuwa mzaha: Mngoni akaitwa panya, Mhehe akaitwa mla mbwa. Siku hizi vijana waliusoma utani shuleni kama walivyosoma majina ya milima.

"Nimekuja kwa amani, mama. Nimeacha hata mbwa wangu nyumbani, nikiogopa mtamkaribisha chakula."

Kona ya mdomo wa Bi Remigia ilicheza. Papo hapo akaushika mdomo kwa kiganja, akaubana kwa nguvu hadi mashavu yakabadilika rangi. Alikaa hivyo kwa muda. Alipoondoa mkono, uso ulikuwa jiwe.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

Kipaza sauti kikakohoa. "Remi," kikasema, kwa upole ambao Otmar hakuutegemea. "Remi, chai imepoa tena."

"Ipo, mzee," alijibu mama. Mezani kulikuwa na kikombe kilichojaa, kina utando juu.

Otmar aliwasha kioo. Aliwahi kuona picha za kitu hiki, lakini hakuwahi kukigusa kikiwa hai. Ulikuwa ni Upeo, mfumo endeshi uliokuwa umeenea dunia nzima enzi za ujana wa wazazi wake. Kampuni iliyoutengeneza iliuacha ilipotaka watu wanunue mashine mpya. Huku watu hawakununua. Waliokuwa na mapenzi nao, wengi wao vijana wa vyumba vya intaneti na mafundi wa redio, waliufumua wenyewe. Walitoa vilivyokuwa vizito, wakaacha mifupa, wakapata Upeo Mwepesi uliokubali kukaa hata kwenye mashine zilizotupwa. Hawakulipwa na mtu. Walipeana kwa mkono, mji hadi mji, na kila mji uliongeza lake.

Songea ilitoa toleo lenye picha ya panya. Wahehe ndio waliokuwa wameliita hivyo kwa dharau, na Wasongea wakalikumbatia jina. Iringa ikatoa lenye mbwa anayelinda kibuyu. Kisha ikaanzishwa desturi ambayo haikuandikwa popote: toleo la upande mmoja halikuhesabiwa kuwa limekamilika mpaka upande wa pili ulipoingiza tusi lake ndani. Ukikosea neno la siri kwenye mashine ya Iringa, ulijibiwa kwa Kingoni. Ukizima vibaya mashine ya Songea, mbwa alibweka. Mifumo miwili ilikua hivyo, ikilishana matusi, na ajabu ni kwamba ilidumu kuliko ya matajiri. Mashine za kusaga, redio za vijiji, malango ya maji, vyote viliendeshwa na kazi ya watu waliokuwa wakichekana.

Otmar alishuka tabaka baada ya tabaka. Toleo la tano. La saba, ambamo mtu alikuwa amebadilisha saa ihesabu kwa Kiswahili, siku ianze jua linapochomoza. La tisa lilikuwa la Vitus mwenyewe pamoja na wenzake wanne, wote marehemu. Na chini kabisa, pale ambapo mfumo hushikana na mota za malango, akalikuta tusi la Songea. Lilikuwa na jina moja tu: Mtani.

Alilisoma taratibu.

Katika misiba ya zamani, mtani hakulia. Alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akadai urithi, akalala kaburini kuzuia mazishi, mpaka wafiwa wakashindwa kujizuia wakacheka. Kicheko kikitoka, mtani alisimama kando na mtu wao akazikwa. Wasongea walikuwa wameifundisha mashine kazi hiyo. Ilimsikiliza mlinzi wa banio miaka yote, salamu zake, manung'uniko yake, hatua zake. Salamu ikikosekana kwa siku kadhaa, ilijua amefariki. Ingemwiga mpaka mtu wa nyumba yake acheke. Na kwa kuwa hakuna anayeshika jembe kijijini kama maiti haijazikwa, malango yangebaki jinsi yalivyokutwa na kifo.

Vitus alikuwa ameyafunga ili mfereji utolewe tope.

"Alijua kuwa limo?" Otmar aliuliza.

"Alijua. Walilitia wakiwa vijana, wakanywa pombe ya ulanzi na kucheka hadi asubuhi."

"Na hakulitoa? Miaka yote hiyo?"

Bi Remigia alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Alitoe? Ili Wangoni waseme Mhehe ameudhika?"

*

Kalinga alikuwa akimngoja nje, chini ya kivuli cha paa.

"Umeingiza?"

"Bado."

"Bado nini? Kuna wanaume kule chini wameshika nondo. Nimewatuliza mpaka kesho asubuhi. Kesho sitawatuliza."

"Mwenyekiti, marehemu mlimzika vipi?"

"Kama kila mtu. Gari la maziko la wilaya lilikuja asubuhi, mchana tukarudi. Padri alisali kwa simu." Akajitetea bila kuulizwa. "Ndiyo utaratibu wa sasa. Watu wana kazi."

"Mama alilia?"

Kalinga alifikiri. "Hapana," alisema. "Sasa nakumbuka. Hapana."

Alasiri hiyo Otmar alikaa na mashine, kifaa cha kusikilizia masikioni, wakati Bi Remigia amekwenda kutafuta kuni. Mtani alikuwa ameweka kila alichokisema tangu kifo. Otmar alifungua siku ya kwanza.

Mzee alikohoa mara moja, kikohozi kifupi cha mtu aliyezoea vumbi. "Remi, hiyo chai vipi?" Basi. Sauti ya kawaida ya mume aliyechoka.

Akafungua ya wiki iliyofuata. Kikohozi kilikuwa kimerefuka. Jina lilikuwa limevutwa kidogo, Remii. Ya wiki iliyofuata, buti liliburuzwa kwa kishindo zaidi. Akaja hadi sauti ya leo: kikohozi cha kishindo kama cha mlevi, buti kama gogo, hasira juu ya magugu, huruma ya uongo juu ya chai. Mtani alikuwa anafanya kazi yake kama alivyofundishwa. Wafiwa hawacheki? Ongeza chumvi. Bado? Ongeza tena.

Otmar alivua kifaa. Kila siku mama yule alikuja kumlinda mumewe, na kila siku mashine ilimbadilishia kidogo. Mpaka mwisho wa mwaka angekuwa amekaa na kikaragosi, akikipelekea chai, na kile kikohozi kifupi cha mwanzo kisingebaki popote, hata kichwani mwake.

Angeweza kuchomeka kadi saa hiyo. Chumba kilikuwa tupu. Maji yangekwenda, watu wangekula, na angeandika taarifa kuwa kazi imekamilika. Aliitoa, akaielekeza kwenye tundu. Akaishusha. Si kwa sababu ya mashine. Kuna mtu aliyekuwa anaombolezwa mle, na asiyekuwa wa nyumba hiyo hana ruhusa ya kumaliza msiba.

Na kumchekesha kwa hila kulikuwa nini, kama si kumwibia huku anafurahi?

Bi Remigia aliporudi, aliikuta kadi mezani, kando ya kikombe.

"Ni nini?"

"Ndiyo inayofuta kila kitu, mama. Sitaiingiza bila wewe kuniambia. Lakini kuna kitu nataka usikie kwanza."

Akamwekea siku ya kwanza, kwa sauti ya wazi. Kikohozi kimoja. Remi, hiyo chai vipi?

Mzigo wa kuni ulimtoka mwanamke yule begani. Hakuuokota.

"Rudisha," alisema.

Akarudisha. Halafu, bila kusema neno, akamwekea ya leo.

Alisikiliza hadi mwisho. Alikaa kitini taratibu, kama mtu anayepima kama kiti kipo.

"Nilikuwa naona," alisema. "Nilijiambia ni masikio yangu. Nilijiambia amezeeka." Alikunja upindo wa kanga, akaukunjua. "Jana usingizini alinijia. Alikuwa anakohoa kikohozi hiki cha mashine. Hata ndotoni wameniingilia."

"Hawakuwa na nia mbaya, mama."

"Nani amesema walikuwa na nia mbaya? Walikuwa Wangoni." Hakutabasamu. "Ukiingiza hiyo kadi, itakuwaje?"

"Atakatika tu. Kama umeme."

"Na nikicheka?"

"Atakuwa amezikwa."

Aliisukuma kadi juu ya meza kwa kidole kimoja, mpaka ikafika upande wa Otmar. "Simkati mume wangu kama umeme," alisema. "Lakini siwezi kucheka, mwanangu. Wewe unadhani nakataa. Nilikataa mwanzoni. Sasa nakitafuta kicheko ndani yangu, sikipati."

Otmar aliirudisha kadi mfukoni. "Basi nipe koti lake," alisema.

*

Asubuhi wenye nondo walifika kweli, Kalinga akiwa mbele yao na uso wa mtu ambaye hakulala. Walikuta mlango wa chumba cha mtambo uko wazi, wakasimama pale pale.

Aliyekuwa ndani amesimama alikuwa amevaa koti la kaki la Vitus Mhapa, mikono mifupi kwake, na buti la mpira mguu wa kushoto peke yake. Aliburuza mguu kuizunguka meza.

"Remiii," ilisema mashine, na kukohoa kikohozi chake cha kishindo. "Chai imepoa."

Otmar alisimama ghafla, mikono kiunoni. "We nani?" aliuliza, kwa sauti ya puani ya mzee mwenye hasira.

Mashine haikuwahi kuulizwa.

"Mimi Vitus," ikasema.

"Vitus ni mimi. Nimetoka kidogo kwenda kichakani, narudi nakuta kiti changu kimekaliwa."

"Mimi Vitus Mhapa. Mlinzi wa banio."

"Mlinzi gani anakohoa kama trekta? Utawatisha samaki."

Mlangoni mtu mmoja alicheka, akakanyagwa mguu na Kalinga. Bi Remigia alikaa wima kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amemkazia macho Otmar, na mikono yake ilikuwa imeshika magoti.

Mashine ilifikiri. Taa yake ndogo iliwaka na kuzima. Kisha ikatoa swali, kwa sauti ile ile ya mzee, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, ujanja wa kijana. "Kama wewe ni Vitus kweli, taja jina la mbwa wetu."

Otmar alijikuna kidevu. "Yupi?" aliuliza. "Wa kufuga, au wa Jumapili?"

Kicheko kilimtoka Bi Remigia puani kwanza, kama chafya. Akashika mdomo. Kikapita kati ya vidole. "Mjinga wewe," alisema, "panya mkubwa wewe, katika koti la mume wangu," na hakuweza kuendelea, kwa sababu sasa kilikuwa kinamtikisa mabega, kikubwa, cha msichana, kisichokuwa na adabu, na machozi yalikuwa yakimmiminika wala hayakuwa ya huzuni bado.

Mashine ilikohoa. Mara moja. Kikohozi kifupi, kikavu.

Halafu ikasema kwa sauti nyingine kabisa. Ilikuwa ya kijana, ya mbali, yenye lafudhi ya Songea, na nyuma yake zilisikika chupa na watu wakicheka katika chumba fulani ambacho hakipo tena: "Basi, watani. Tumeshiba. Mchukueni mtu wenu."

Chini ya sakafu mota ilinguruma. Lango la kwanza lilipiga kelele ya chuma kilichokauka, likapanda. Maji yaliingia mferejini kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Nje watu walipiga yowe, wakatupa nondo, wakaanza kukimbia sambamba na maji kuelekea majaruba.

Bi Remigia alikuwa anafuta macho. "Yule mwingine ni nani?"

"Mmoja wao wa Songea. Simjui jina."

"Naye amekufa?"

"Siku nyingi, mama."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akakitazama kipaza sauti, akakiwekea kiganja. Kilikuwa bado na joto. Alikaa hivyo mpaka kikapoa.

"Hebu niite," alisema, bila kumtazama Otmar.

"Mama?"

"Niite kama yeye. Kama ya siku ya kwanza. Mara moja tu."

Otmar aliisikia sauti ile imekaa tayari kooni mwake. Alikuwa ameisikiliza nusu ya jana. Alijua mahali pa kukohoa, alijua jina lilipoanguka. Angeweza kumpa, na ingekuwa sahihi, na kesho angeiomba tena, na keshokutwa angeongeza chumvi kidogo bila kujua.

Alilivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani mwa Bi Remigia.

"Mimi ni Mngoni, mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Sijui kuita watu. Najua kuita panya."

Safari hii Bi Remigia hakucheka. Alilishika koti, akaligeuza ndani nje, kama anatafuta kitu kwenye mshono. Aliinuka, akatoka hadi ukingo wa banio, mahali ambapo bonde lote lilionekana na maji yalikuwa yakienda yakimeta. Akaweka mikono kichwani.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kale kuliko mashine zote. Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena ikiwa na jina la Vitus ndani yake.

Kule majarubani watu walikuwa wameinama wakifungua vijito kwa majembe, wakiyapokea maji waliyoyangoja. Mwanamke wa karibu aliinua kichwa. Akasikiliza. Akaliweka jembe lake chini kwenye tope, akafunga kitenge, akaanza kupanda. Wa pili akamfuata. Kisha wanaume, na Kalinga kati yao, kofia mkononi, wakapanda ukingo wa mfereji kimya, mmoja nyuma ya mwingine, kuelekea kilio.

Hakuna aliyebaki kuyaongoza maji. Yalipita peke yake, yakaingia yalikoingia.